Rangi ya Kisima Kile

Mjukuu wangu akimwaga krayoni zake mezani, hapa mtaani kwetu Pioneer, harufu ya krayoni hizo hunirudisha kambini. Watu wakisikia nilikuwa jeshini hudhani nakumbuka baruti. Wapi! Nilikuwa karani, sajini wa makaratasi, na vita vyangu vyote nilipigana nikiwa nimekaa.

Mkuu wetu wa kambi alikuwa ameandika mpango wa miaka kumi, na mimi, kijana wakati ule, ndiye niliyeupiga chapa. Miaka kumi ikaisha. Ikaja amri tuutathmini: lengo lililotimia lipakwe kijani, lililokwama lipakwe nyekundu, kisha ripoti iende makao makuu. Printa yetu ilitoa rangi nyeusi tu, kwa hiyo nikaazima krayoni za binti yangu.

Mzee, ndivyo tulivyomwita mkuu, alikuwa amebakiza wiki mbili astaafu. Nilimpenda yule mtu, na nilitaka aondoke na kurasa za kijani kitupu. Shida ilikuwa lengo la saba: kuchimba kisima kwenye nyumba za familia. Kilichimbwa, kweli. Lakini pampu ilikufa mwaka wa pili, na tangu hapo mke wangu na wenzake walibeba mitungi kutoka lango kuu, jua au mvua. Na sote tulijua kilichopakwa kijani kimekwisha, hakuna atakayekigusa tena.

Nikapaka kijani.

Mzee alipitia kurasa mpaka akafika pale.

"Sajini, hii kisima iko na maji?"

"Target ilikuwa kuchimba, Afande. Na tulichimba."

"Sijakuuliza hiyo. Bibi yako anatoa maji wapi?"

Akachukua krayoni nyekundu, akapaka juu ya kijani changu, akakandamiza hadi ikavunjika na rangi zikachanganyika kuwa kahawia. Niliona aibu, tena nikamwonea huruma, maana alikuwa akijichafulia jina kwa mkono wake mwenyewe. Makao makuu wakapiga simu kuuliza ile rangi ya kahawia maana yake nini.

"Waambie tulichimba shimo," akasema.

Tulimuaga kwa chai na mandazi, na hakuna aliyetaja mpango wake. Lakini kisima kikaingizwa katika mpango mpya, na pampu nyingine ikaletwa. Siku mfereji ulipofunguliwa, maji ya kwanza yalitoka ya kahawia, rangi ileile ya ukurasa wetu. Nikajaza chupa, nikampelekea Mzee shambani kwake Kaptagat, pamoja na kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya mgando, ambacho mke wangu alikuwa amemtengea.

Aliinua ile chupa juani, akacheka mpaka akapangusa macho. Nilingoja aulize nani ameandika mpango mpya, na kama jina lake limo.

"Mama watoto amepumzika kubeba mitungi?"

"Amepumzika, Afande."

"Basi sasa paka kijani."