Nani Kaiba Maini ya Ardis?

Ardis Kvale aliendesha basi la shule kwa miaka thelathini na mmoja, na siku ya kustaafu hakutaka cheti wala saa ya ukutani. Alitaka kioo. Kile kioo kirefu cha juu ya usukani, alichokuwa akitumia kuwaona watoto wa viti vya nyuma wakirushiana makombo. Akaenda nacho nyumbani, akakipigilia juu ya sinki la jikoni, na tangu hapo hakuna aliyefanya jambo nyuma ya mgongo wake asilione. Mimi ni jirani yake, mlango wa pili, mwaka wa kumi na saba huu, na mpaka leo nikimenya viazi pale najiona kama mwizi.

Sisemi kwamba nina moyo mweupe kumshinda. Na mimi nachunguza watu, ndiyo maana tulipatana. Nilipohamia mtaa ule aliniletea pai ya tufaha, akasimama mlangoni mpaka nikala kipande chote mbele yake. Alitaka kuona kama nitakula au nitatupa. Mumewe Harlan alikuwa hai bado, akamwita kutoka ng'ambo ya uzio, "Ardis, mwache mgeni wa watu apumue!" Harlan tumeshamzika, mtoto wao Dale naye akafuata, na Ardis amebaki na nyumba, kioo, na miaka themanini na moja.

Oktoba ya mwaka jana bintiye Renae, anayekaa Minneapolis, alimpigia simu. Alikuwa amesikia kwamba mama yake alisahau birika juu ya jiko mpaka likatoboka kitako. Ardis alinisimulia maongezi yale huku ameegemea reki, majani makavu yamemfunika viatu.

"Kaniambia, 'Mama, tukubaliane. Ukiandaa chakula cha Siku ya Shukrani kama miaka yote, kisiharibike kitu, unabaki kwako. Kikiharibika, Januari unahamia nyumba ya wazee. Chumba nimeshakipata, kina dirisha.' Kina dirisha! Kwani mimi paka?"

"Na ukikataa?"

"Nikikataa atasema ndiyo dalili yenyewe." Akanitazama kwa jicho moja. "Pepe, nani kampelekea habari za birika?"

"Mimi nitajuaje?"

"Ni Corinne. Nilimwambia kwa simu, hakuna mwingine."

Corinne ni mjane wa Dale, mtu wa Chicago, mpole, sauti yake lazima uinamishe sikio. Dale alipofariki, sote tulidhani hatutamwona tena. Hakuwa na mtoto wa kumleta, wala hakuna aliyemwalika. Lakini kila Novemba gari lake linaingia uani. Mwaka wa kwanza Ardis alisema ni majonzi. Wa pili akasema ni mazoea. Wa tatu akasema, "Anaitaka nyumba," na mimi nikatikisa kichwa kukubali, kwa sababu simba mwenda pole ndiye mla nyama.

Mwaka jana alikuja Jumatatu, siku tatu kabla ya sikukuu. Muuza nyama wa mji wetu, ambaye Ardis amenunua kwake bata mzinga tangu aolewe, alikuwa amefunga duka kiangazi. Kwa hiyo Corinne alileta bata wake kutoka Chicago, amegandishwa mgumu kama jiwe, ndani ya sanduku la barafu. Na chupa mbili za mvinyo mwekundu.

Ardis aliishika chupa moja kwa shingo, akaigeuza.

"Hapa tunakunywa kahawa," akasema.

"Najua, Mama. Ni za chakula tu. Dale alikuwa akiupenda huu."

"Mm."

Corinne alipotoka, Ardis akaninong'oneza, "Mvinyo mkali. Anataka nilewe mbele ya Renae."

Alhamisi saa moja asubuhi nilikuwa pale na kisu changu cha viazi. Bata alikuwa ameyeyuka vizuri ndani ya friji. Ardis alikunja mikono ya sweta, akaingiza mkono tumboni mwa bata, akatoa shingo. Akaiweka kando. Akaingiza mkono tena, mpaka kiwiko. Mkono ukatoka mtupu.

"Maini yako wapi?"

"Hayamo?"

"Hayamo maini, haumo moyo, haimo firigisi. Huwa vinakaa pamoja na shingo, kwenye kimfuko cha karatasi. Miaka hamsini na minane natoa shingo, natoa kimfuko." Akainama, akachungulia tumboni. "Shingo ipo. Kimfuko hakuna."

Mtu asiyemjua Ardis atasema maini ni maini tu. Lakini mchuzi mzito wa Ardis ni wa maini yaliyokatwakatwa, na Renae ameula tangu alipoota meno. Mchuzi usio na maini angeujua kwa kijiko cha kwanza.

Ardis alifungua pipa la taka, akalipekua kwa koleo la jikoni. Akatazama nyuma ya friji. Kisha Corinne akaingia amevaa aproni, ile ya Dale yenye mfuko mkubwa mbele, na Ardis akamgeukia taratibu.

"Corinne, wewe unapenda maini?"

"Mimi? Hapana, Mama. Hata harufu yake siiwezi."

"Mm. Jana ulifungua friji mara ngapi?"

"Sikuhesabu. Nilichukua maziwa."

"Maziwa," Ardis akasema, kama mtu anayelisikia neno hilo kwa mara ya kwanza.

Maskini Corinne akanitazama mimi. Nikaangalia viazi vyangu.

Sasa niseme, maana nimelibeba muda mrefu. Aliyempelekea Renae habari za birika ni mimi. Niliona moshi dirishani, nikakimbia na taulo la maji, na jioni nikaogopa nikashika simu. Nilidhani nafanya wema. Tangu hapo nilimsikia Ardis akimshuku Corinne wiki baada ya wiki, na sikufumbua mdomo. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, na mimi ndiye niliyekuwa kwenye nguo za Ardis, nakunywa kahawa yake.

Renae alifika saa tano na mumewe Gary. Gary alikwenda moja kwa moja kwenye mpira wa televisheni, na dakika kumi hazikupita akawa anakoroma. Renae alikuja jikoni na kidaftari cha kijani. Alimbusu mama yake, akafungua kabati la dawa, akasoma tarehe. Si mtu mbaya Renae. Macho yake yalikuwa mekundu, nadhani hakuwa amelala.

"Mama, leo siku gani?"

"Siku ya bata. Alhamisi ya nne ya Novemba. Unataka na uzito wangu?"

Renae akaandika kitu.

Basi Ardis akapika, na nikisema kupika namaanisha kama alivyokuwa akiendesha basi: mikono miwili, jicho kwenye kioo. Mkate uliokatwakatwa na vitunguu na figili za majani uliingia tumboni mwa bata. Kranberi, vitunda vyekundu vichachu, zilichemshwa na sukari zikapasuka. Maharage mabichi yalikwenda oveni na uyoga. Viazi vyangu vikapondwa na siagi. Kila nusu saa alimfungua bata, akamwagia mafuta yake mwenyewe kwa kijiko kirefu, na kila alipogeuka alitazama kioo kuona mikono ya Corinne iko wapi. Ilikuwa kwenye vyombo vichafu. Ardis hilo nalo lilimtia wasiwasi.

"Mbona anaosha sana?" aliniuliza pembeni. "Anasafisha ushahidi."

"Ardis, ushahidi wa maini unasafishwaje?"

"Kaa hivyo hivyo, Pepe. Watakuja kuiba viatu miguuni mwako."

Mchuzi aliupika kwa shingo peke yake. Alionja, akakaza midomo, akaongeza pilipili manga. Akaonja tena, na tena, na hapo ndipo nilipoelewa kwamba anaogopa. Ardis, aliyewahi kupita daraja la barafu na watoto arobaini garini.

Saa tisa bata alitoka, amekuwa wa rangi ya ngozi ya viatu vipya. Tukamwacha apumzike. Zamani mkataji alikuwa Dale. Alipofariki, kisu kile hakuna aliyetaka kukishika ila Gary, na Gary hukata nyama kama anayepasua kuni, ndipo kazi ikamwangukia Corinne. Renae alikuwa chumba cha kulia akipanga glasi, anaingia na kutoka. Ardis alikuwa sinki, ametupa mgongo. Mimi nilishika sahani.

Corinne alikata miguu, akakata kidari. Alipofika juu, pale shingo ilipokuwa imekatwa, ngozi ikafunguka, akasimama.

Nikaona pembe ya karatasi, imekuwa ya kahawia kwa mafuta. Kimfuko. Hawa wa Chicago huweka shingo tumboni na kimfuko huku mbele chini ya ngozi, kila kimoja na nyumba yake. Maini, moyo na firigisi vilikuwa vimeiva siku nzima ndani ya karatasi yao. Kosa ambalo mke mpya hufanya mara moja na kuchekwa maisha yake yote. Na kwa Ardis siku ile, halikuwa la kuchekwa. Lilikuwa la Januari.

Viatu vya Renae vikasikika vinakuja.

Corinne alinitazama. Nakiri nilichowaza: sasa atamwita Renae, na nyumba imekwenda. Badala yake alikivuta kimfuko kwa vidole viwili, kikiwa bado kinafuka, akakitia kwenye mfuko wa aproni, akaendelea kukata.

"Mnaendeleaje?" Renae akachungulia, kidaftari mkononi.

"Ameiva vizuri sana," Corinne akasema kwa ile sauti yake.

Renae akachukua sahani akaondoka. Nikainua macho. Kwenye kioo nikayakuta macho ya Ardis. Hayakuwa yakinitazama mimi. Yalikuwa yamekazwa kwenye mfuko wa aproni, na maji ya bomba yalimwagika tu.

Mezani tulishikana mikono, kama kila mwaka, kila mmoja aseme analoshukuru. Corinne hakuivua aproni. Nilikuwa kando yake, nikaliona doa la mafuta linapanuka juu ya paja lake, nikajua anaungua. Alivuta kitambaa cha mezani akalifunika.

Gary alishukuru kwa timu yake. Renae alishukuru kwa afya, akamtazama mama yake. Mimi nilishukuru kwa majirani, nikitazama sahani yangu.

Ikafika kwa Ardis. Kila mwaka husema, "Chakula na paa," basi, tuanze kula. Siku ile alimtazama Corinne kwanza.

"Nashukuru kwa mifuko," akasema.

Renae akaachia mkono wa mumewe. "Mifuko? Mifuko gani, Mama?"

"Mifuko. Yote. Ya ndani na ya nje."

Nilimwona Renae akilitafuta daftari lake kwa mkono, huku uso umembadilika. Mungu wangu, nikawaza, ameponea kwenye maini, sasa anajimaliza kwa mdomo.

"Corinne," Renae akasema, "umekuwa naye jikoni tangu Jumatatu. Niambie kweli. Kuna kitu kimeharibika?"

"Hakuna," Corinne akajibu.

"Mchuzi hauna maini. Nimeonja jikoni."

"Ni kosa la bata wangu. Nimemleta mimi, bata wa Chicago." Akavuta pumzi. "Mama amepika vyote kwa mikono yake, Renae. Sikugusa ila kisu na vyombo."

Renae alimtazama. Kisha akalifunga daftari, akaliweka chini ya kiti, akajifuta macho kwa kiganja. Ilibaki zamu ya Corinne. Yeye husema neno lile lile kila mwaka, na kila mwaka Ardis humalizia chini ya pumzi, "Nani kakualika?"

"Nashukuru kwa kualikwa," Corinne akasema.

Mimi nikainamisha kichwa nisisikie.

"Nimemwalika mimi," Ardis akasema, kwa sauti ya dereva, ifike mpaka viti vya nyuma. "Nyote msikie. Ni mgeni wangu, na mwakani aje hata wiki nzima kabla. Sasa hebu mimina huo mvinyo wako, mwanangu, tuone Dale alipenda nini."

Corinne alijaribu kumimina, akashindwa. Gary akamshikia chupa. Ardis alikunywa funda moja, akakunja uso mzima, akasema, "Mchungu," akanywa tena.

Baadaye, wenzetu walipokuwa kwenye pai ya boga, Corinne alikitoa kimfuko bila neno, akakiweka kwenye ubao. Paja lake lilikuwa na alama nyekundu ya pembe nne. Ardis akampaka siagi, siku hizi wanasema si dawa lakini nani angemwambia. Kisha akakata maini vipande vipande, akayatia kwenye mchuzi uliobaki, akakoroga, akaonja.

"Huu ndio," akasema. Akanipa kijiko bila kugeuka. Aliniangalia kwenye kioo.

"Onja, Pepe. Halafu nenda ukampigie Renae simu, umwambie mchuzi una maini."

Renae alikuwa chumba cha pili. Nilisimama pale na kijiko mdomoni, nikajua kwamba la birika analijua.