Reli ya Nguo ya Dobi

Mtaa mzima ulimwita Bi Ethi, naye hakukasirika. Jina alilipata kwa ukaidi. Miaka ishirini ya kufunga umeme, hajawahi kutia saini fomu ya jengo lisilo na ethi, ile nondo ya shaba inayozikwa ardhini ili umeme ukitoroka upite humo badala ya kupita mwilini mwa mtu. Wateja walimsifia, walimlilia, walimletea wajomba wa kuwaombea. Aliwasikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Nondo iko wapi?"

Sasa mume wa mdogo wake, dobi mwenye maneno laini kuliko pasi yake, alikuwa amepata chumba cha barabarani na mashine mbili za kufulia. Mkaguzi angekuja kesho asubuhi. Bila saini ya Bi Ethi umeme usingewashwa, na mashuka ya hoteli aliyoahidiwa yangekwenda kwa dobi mwingine.

Nyaya alizivuta Bi Ethi mwenyewe. Kazi ya kupigilia nondo dobi aliing'ang'ania, akidai haiwezekani akunje mikono huku shemeji yake anapiga nyundo. Bi Ethi akampa nondo iliyomfika kidevuni, akamwambia izame yote, kibaki kichwa tu.

Alasiri alirudi kukagua. Kichwa kilikuwa kimetulia ndani ya kisanduku cha zege, kibano kimekifunika, waya umekazwa barabara. Akamsifu shemeji yake, akatoa kalamu.

Hapo mdogo wake akatoka chumba cha ndani, miguu peku, sakafu imelowa, akatundika mashati mawili kwenye reli iliyong'aa ukutani.

"Dada, umeona alivyonifanyia mume wangu? Jana haikuwepo."

Bi Ethi aliiona. Ilikuwa na rangi ya shaba. Ncha moja imepondeka kwa nyundo, ya pili ina alama za msumeno. Akafunika kalamu, akachuchumaa kwenye kisanduku, akakishika kile kichwa kwa vidole viwili. Kikacheza kama jino la mtoto wa miaka saba.

Dobi akaanza kujieleza. Nondo iligota kwenye mwamba. Alipiga mpaka mabega yakakataa. Chini hakuna anayechungulia, na kipande kizuri namna ile nani angekitupa? Kisha akaingia sokoni kabisa: nusu si imezama? Nusu ya ethi si bora kuliko kukosa? Mkaguzi naye ana mambo mengi, atatazama juu juu.

Alikosea mtu wa kubembeleza. Bi Ethi alianza maisha akiuza balbu na soketi kuukuu kwenye meza ya barabarani. Maneno ya kupunguza bei aliyajua kabla dobi hajaota ndevu.

"Mimi ningekupunguzia, shemeji," alisema. "Umeme haupunguzi. Hebu niambie, hapa nani anasimama peku kwenye maji, wewe au mdogo wangu?"

Dobi akatazama miguu ya mkewe. Mkewe akatazama reli.

"Kwa hiyo," mkewe alisema taratibu, "mashati nimeyatundika kwenye roho yangu mwenyewe."

Baada ya hapo hapakuwa na mapatano, palikuwa na masharti. Dobi akanunue nondo nyingine. Aipigilie nyuma, panapomwagwa maji ya kufulia, ambapo udongo ni laini na hauna mwamba. Na bomba la maji liunganishwe na ethi hiyo hiyo. Hapo dobi alijaribu mara ya mwisho: bomba halitumii umeme.

"Na wewe hutumii umeme," Bi Ethi alimjibu. "Shika waya uone kama utakuuliza."

Nondo ilizama yote kabla jua halijatua. Bi Ethi alikaa juu ya ndoo iliyofunikwa, akitoa ushauri ambao hakuna aliyeuomba.

Asubuhi mkaguzi alipima kwa kifaa chake, akapima tena, akauliza nani aliyeizika vizuri hivyo. Dobi akainua viganja vilivyojaa malengelenge. Bi Ethi akatia saini, mashine zikaunguruma.

Alipofika mlangoni akanyoosha mkono aiondoe ile reli. Mdogo wake akamzuia.

"Iache, dada. Akianza tena maneno yake laini, sitajibu kitu. Nitamwonyesha hii kwa kidole."