Wakala wa Misafara, Mpwapwa

Enzi za Wadachi, misafara ya bara ilikopeshwa vitambaa na shanga na tajiri mmoja wa Bagamoyo, na pale Mpwapwa aliyeamua nani apewe ni wakala wake. Alikuwa na sauti ndogo na vidole virefu, na kila alipofikiri alisafisha kucha kwa mwiba wa mgunga. Kazi aliigawa kati yake na sisi wasaidizi wake wawili. Matonya alikagua miguu ya wapagazi, mimi nilikagua mizigo, na yeye alizungumza na kiongozi wa msafara. Hatukuruhusiwa kuambiana tulichokiona mpaka tukutane mkekani, na yeye alisema wa mwisho. “Nikitangulia mimi, ninyi mtaitikia tu,” alisema.

Siku moja akaja Mbwana, kaka wa mkewe Mishi, akiongoza msafara na kuomba mkopo ili avuke Marenga Makali, nyika isiyo na maji, kabla ya mvua. Wakala alimkumbatia, kisha akasimama. “Leo mimi ni shemeji yake. Amueni ninyi.” Akatoka nje. Matonya alikuwa ameona vidonda miguuni, mimi nimeona vibuyu vichache vya maji. Tukamkatalia.

Mbwana alimfuata wakala uani. “Shemeji, umewasikia watu wako?”

“Nimewasikia. Twende tukale.”

Wakala hakutuuliza sababu. Nilijitolea kwenda kumweleza Mishi. “Hapana,” alisema, akivaa makubazi yake polepole mno. “Hiyo kazi ni yangu.”

Asubuhi tulimkuta wakala ameshafika mkekani kabla yetu. Aliuliza kama kuna uji, yeye ambaye siku zote alikuja ameshakunywa wa Mishi.