Mnoa visu aliyerudi kula na wenzake

Saa mbili asubuhi, jiwe la kunolea linazunguka. Mzee Makali, kama wateja wanavyomwita, anakanyaga pedeli za baiskeli aliyoigeuza mashine, cheche zikimrukia mikononi. Mama mmoja anasubiri kisu chake mlangoni. Nyuma yake vitunguu vinakaangwa.

"Kazi hii inanipitisha kila jiko," anasema bila kuinua macho. "Kwa harufu tu najua nyumba ipi wanakula."

Zamani harufu hiyo ilitoka kwake. Watoto sita, mama mkwe, na mkewe aliyepika chungu kimoja kikawatosha wote. Nyama ikiwa kidogo, waligombania mifupa.

"Marehemu mke wangu alikuwa hanipi maji ya kunawa ninapomaliza kula mpaka nimeze kidonge cha presha mbele yake," anakumbuka, akitabasamu. "Sigara nilivutia nyuma ya nyumba, kama mwizi. Nilikuwa nalalamika. Leo nazitamani hata zile kelele zake."

Watoto wakaoa na kuolewa, wakahamia mbali. Mama mkwe akafariki, kisha mkewe. Mzee akabaki na vyumba vitatu na redio.

"Wanangu wanapiga simu. 'Baba, umekula?' Najibu nimekula. Ningewaambia nini, na wao wana watoto wao?"

Ukweli ni kwamba wateja walipokuwa haba, alishinda na chai ya rangi. Sigara ilimdanganya tumbo. Vidonge vilimchoma bila chakula, akaviacha. "Nilinoa visu vya mtaa mzima, changu kikaota kutu," anasema.

Mwaka jana, akifanya kazi mbele ya nyumba ya shemeji yake, mdogo wa kike wa marehemu mkewe, macho yaliingiwa na giza. Akaanguka pamoja na baiskeli.

Shemeji huyo, mpishi mstaafu wa bweni la shule, alimwinua na kumkalisha kivulini.

"Umekula nini, shemeji?"

"Chai."

"Na nini?"

"Na sigara."

"Nilicheka, halafu nikalia," shemeji anasimulia. "Maana hata mimi, mpishi mzima, nilikuwa nashindia mkate mkavu. Umezoea kupikia watoto mia, leo ujipikie mwenyewe? Unawasha jiko, unalitazama, unalizima."

Tangu siku hiyo wanakula pamoja. Mzee huleta unga na mboga, wakati mwingine alizopewa na wateja wasio na fedha, shemeji hupika. Si kila siku chakula kinatosha. Zipo jioni wanagawana uji, tena mwepesi. Lakini vidonge vimerudi, na sigara imebaki moja kwa siku.

"Na anaivutia nje," shemeji anasema. "Dada yangu alimfunza vizuri."

"Wewe ni mkali kuliko dada yako," mzee anamjibu.

Sasa anaziba paa la chumba kikubwa nyumbani kwake, kile ambamo familia ilikuwa ikila chakula. Anawajua wazee wengine wanaoishi peke yao: fundi saa, mlinzi mstaafu, bibi anayeuza vifungo. Anataka waje kula hapo kila mchana, shemeji akiwa mkuu wa jiko.

"Mwenye unga alete unga. Asiye na kitu alete maneno," anasema, akifuta mikono. "Nataka ile nyumba iwe na kelele tena. Nife nikigombania mfupa, si nikitazama ukuta."