Shubiri za Mama Pasi

Mke wangu alikuwa mpiga pasi. Mtaa mzima walimwita Mama Pasi, hata waliolijua jina lake. Pasi yenyewe ilikuwa ya mkaa, nzito, kifuniko hakifungi vizuri, na cheche zilimrukia mikononi kila wiki. Ndiyo maana alipanda shubiri. Makopo tisa ya rangi, nyuma ya jiko. Nilimtobolea mimi matundu chini kwa msumari. Nilikuwa fundi viatu, misumari haikuwa shida.

Akiungua aliweka mkono kwenye maji kwanza, mpaka moto utulie. Halafu alikata jani la chini, lile nene, akalisimamisha kwenye bakuli hadi utomvu wa njano uchuruzike wote. Huo hakuutaka. "Ukinywa huo utahamia chooni," alisema. Zamani wanawake waliupaka kwenye ziwa kumwachisha mtoto kunyonya, na mtoto akionja mara moja harudi. Yeye alipaka ute wa ndani tu. Majirani waliomba wa nywele kavu, wa visigino, wa ngozi iliyochomwa na jua. Aliyeungua sana alimfukuza: "Nenda hospitali. Mimi nina makopo, sina udaktari."

Siku ya mwisho sauti yake ilikuwa imekwisha. Alinishika shati akasema: maji, shubiri. Nikaitikia. Tangu tumzike nilimwagilia asubuhi na jioni, sikukosa hata siku moja. Ndilo agizo pekee aliloniachia.

Majani yakalegea, yakawa ya kahawia. Nikadhani yana kiu. Nikaongeza maji.

Mdogo wake alipokuja kunijulia hali, alisimama mlango wa nyuma akashika kiuno.

"Shemeji, huku unalima mpunga?"

"Namwagilia. Dada yako aliagiza."

"Aliagiza nini? Si nilikuwa upande wa pili wa kitanda?"

"Alisema maji, shubiri."

"Alisema maji, subiri! Alijua utazizamisha. Shubiri ikinywa sana inaoza mizizi. Na hayo masikio yako yamejaa gundi ya viatu."

Akacheka. Nami nikacheka kidogo.

Tukamwaga makopo. Manane yalikuwa yameoza mpaka shinani, yananuka. La tisa lilikuwa na chipukizi moja, urefu wa kidole, na mzizi mmoja bado mweupe. Nikakata palipooza kwa kisu changu cha ngozi. Shemeji akasema nililaze kivulini siku tatu, kidonda kikauke, kisha nilipande kwenye mchanga mkavu, nisiliguse.

"Na maji?"

"Shemeji!"

Sijafanya jambo gumu kama lile tangu tumzike. Mikono ilikuwa imezoea. Nilitoka nyuma na kikombe, nikalitazama, nikarudi nacho ndani. Likifa, nimeua mimi kila alichokipanda.

Wiki ya tatu nililishika kwa vidole viwili, nikalivuta polepole. Likagoma kutoka. Nikakaa chini palepale kwenye saruji, mpaka shemeji, aliyekuwa amekuja tena, akapaza sauti toka jikoni kuuliza kama nimeanguka.

"Limeshika," nikamwambia.

"Basi lipe maji. Kikombe kimoja. Umenisikia, shemeji? Kimoja."

Nikalipa nusu.