Mchana Niliotia Saini Bila Kukaa

Ipo siku moja, mwanangu, ninayoikumbuka kwa saa zake. Ilikuwa siku ya pili na ya mwisho ya mafunzo ya kupima na kuvalisha lenzi maalumu za macho, katika ukumbi mmoja wa Nairobi wenye zulia la kijani. Saa nne asubuhi, wenzangu walipokwenda kunywa chai, niliiendea meza ya mahudhurio, nikatia saini mahali pa asubuhi. Kisha, kalamu ikiwa bado mkononi, nikatia na mahali pa mchana. Basi la Garissa lilikuwa linaondoka saa saba. Mchana wenyewe haujafika, na mimi nimeshauhudhuria.

Nakueleza haya kwa sababu juzi ulinijia na fomu ya kuhuisha leseni yako ya utabibu wa macho, ile inayodai pointi za mafunzo, ukaniuliza ni semina gani yenye pointi nyingi na siku chache. Sikukujibu. Jibu langu ni refu kidogo, na halisemeki mlangoni.

Nilikuwa na miaka thelathini na mmoja, afisa tabibu wa macho wa pekee katika kliniki yetu ya Garissa. Unajua nilivyo mtu wa kujisomea. Vitabu vyangu vya macho nilivinunua vikuukuu, vingine havina jalada, nikavinakili katika madaftari kwa kalamu mbili: nyeusi kwa nilichokielewa, nyekundu kwa kilichokuwa bado kinanishinda. Njia hiyo ilinifaa sana, lakini ilinipa kiburi cha aina yake. Nilidhani kila kinachosemwa ukumbini kimo kitabuni, na nitakisoma nikifika nyumbani. Ratiba ya mchana ule iliandikwa: "Utunzaji wa lenzi na mazoea ya mvaaji." Nikajiambia, kuosha lenzi? Hilo si limeandikwa kwenye karatasi iliyomo ndani ya boksi?

Na sikwenda Nairobi kwa ajili ya pointi peke yake. Nilikwenda kwa ajili ya Abdirizak.

Abdirizak alikuwa fundi wa simu, kijana wa miaka ishirini na miwili kutoka Ijara, mwenye meza yake sokoni karibu na kina mama wauza maziwa ya ngamia. Alikuwa amejifikicha macho tangu utotoni, kwa vumbi letu hili na mwasho usiokwisha. Konea zake, kile kioo cha mbele ya jicho, zilikuwa zimekonda na kuchomoza kama ncha ya yai. Jicho la kushoto lilikuwa limeharibika kiasi kwamba halikuwa na msaada. La kulia ndilo lililobaki kumlisha yeye na mama yake. Nilikuwa nimembadilishia miwani mara tatu, na mara tatu miwani ilishindwa, maana miwani hainyooshi kioo kilichopinda.

Mwaka mmoja kabla ya hapo alikuwa amekwenda na wenzake kutazama mwezi wa Ramadhani. Akauona, akapaza sauti, "Ule pale! Mitatu!" Unawajua watu wetu kwa majina ya utani. Kuanzia jioni ile akawa Miezi Mitatu. Ukipita sokoni ulisikia, "Msimuulize huyo, atatufungisha siku tisini." Mwingine, "Warya, we kijana, ukioa mke mmoja, utaona wangapi?" Naye alicheka pamoja nao. Lakini alipokaa kwenye kiti changu hakucheka.

"Daktari," aliniambia, "skurubu moja mimi naona mbili. Halafu nashika ile ambayo haiko."

Neno hilo ndilo lililonipeleka Nairobi. Na nilichojifunza katika siku moja na nusu nilikijua kweli, sisemi uongo. Mwalimu wetu, mama mmoja mtu mzima aitwaye Salome, aliyekuwa amefanya kazi ya lenzi tangu kabla hatujaanza shule, alitufundisha kuchagua lenzi ngumu ya majaribio, kuitia jichoni na tone la rangi ya njano, kisha kusoma chini ya taa ya bluu mahali rangi ilipojaa na mahali ilipokosa. Pakiwa peusi, lenzi inabana. Pakiwa na dimbwi, imeachia. Nilirudi Garissa, nikajaribu lenzi nne katika jicho la kulia la Abdirizak, ya tano ikakaa. Machozi yaliijaza nafasi iliyo chini yake, jicho likapata uso mpya ulio laini. Akasoma mstari wa chini kabisa wa ubao wangu. Mama yake, aliyekuwa mlangoni, alipiga kigelegele mpaka wagonjwa wa meno wa chumba cha pili wakatoka kutazama.

Wiki sita nilitembea mjini kama mtu aliyejenga daraja la Tana kwa mikono yake.

Wiki ya saba Abdirizak alikuja akiwa amelifunika jicho kwa kiganja. Lilikuwa jekundu, halivumilii mwanga, na maumivu yake yalikuwa makubwa kuliko wekundu wake. Chini ya darubini niliona ukungu kwenye konea. Nikamuuliza anaisafishaje lenzi. Akasema anaisafisha vizuri mno. Lenzi alikuja nayo kwenye kikopo chake, nikamwambia anionyeshe.

Akaitoa, akaiweka kiganjani. Kisha akageuka, akachukua birika la udhu lililokuwa karibu na mlango wangu, akaimiminia maji.

"Wallahi mara tano kwa siku," alisema. "Natoa, naosha, natawadha, narudisha. Wewe ulisema iwe safi. Kuna maji safi kuliko ya udhu?"

Mwanangu, mimi na Abdirizak tulisali msikiti mmoja. Adhuhuri nyingi tulikaa kwenye mawe ya bombani ubavu kwa ubavu, kila mtu na birika lake, na maji yale nilijua yametoka kwenye boza, lile lori la maji, yamelala tangini. Nilikuwa nimelipima jicho lake kwa sehemu ya milimita. Sikumuuliza hata mara moja siku yake inakwendaje.

Nikampigia simu Mwalimu Salome. Alinisikiliza bila kunikatiza, kisha akauliza, "Nilisema nini kuhusu maji?"

Nikavuta daftari langu, nikaona linaishia asubuhi ya siku ya pili.

"Bwana Yakub, nilitumia saa nzima kwa maji. Kuna vijidudu vinaishi ndani ya maji tunayoyanywa bila kudhurika, vikikwama chini ya lenzi vinakula konea. Nilisema nini?"

"Sikuwepo, Mwalimu."

Nikasikia kurasa zikifunuliwa. "Daftari la mahudhurio ninalo hapa. Saini yako ya mchana wa siku ya pili ipo, tena nzuri. Sasa nikuulize, hiyo saini ilisikia nini?"

Nimekemewa mara nyingi maishani, mwanangu, na wakubwa, na wagonjwa, na mke wangu. Hakuna maneno mengine ninayoweza kuyarudia yote kwa mpangilio wake. Hakupaza sauti. Aliniambia lenzi isivaliwe tena, ihifadhiwe pamoja na kikopo chake ili ikapimwe, na kijana afikishwe Nairobi kesho yake kwa daktari bingwa wa konea. Akaahidi kumpigia daktari huyo yeye mwenyewe.

Jioni nilikwenda kwa mama yake Abdirizak. Ningeweza kumwambia ni majaaliwa, na angenikubalia, ni mtu wa imani. Nikamwambia, "Hooyo, mama, kosa si la mwanao. Kuna somo nilipaswa kulisikia, nikapanda basi."

Aliendelea kukunja nguo za safari za mwanawe. Kisha akasema kwa Kiswahili chake cha sokoni, "Mtoto wangu anaenda kwa dawa. Wewe enda kwa shule."

Nilisafiri na Abdirizak alfajiri. Daktari wa konea alisema tumewahi: tungekawia wiki mbili zaidi, angekuwa anazungumzia kubadilisha konea, kama ingepatikana. Abdirizak alikaa kwa shangazi yake Eastleigh, huko huko Nairobi, akitiwa matone kila saa mwanzoni, kisha kila saa mbili, kwa miezi. Nilimpigia kila Ijumaa. Ijumaa nyingine hakutaka kusema nami, na ilikuwa haki yake.

Nami nikaenda kwa shule. Mafunzo yale yale yalipoitishwa tena, nilikaa kiti cha mbele na madaftari yangu na kalamu zangu mbili. Kila kipindi nilitia saini kikiisha. Mchana wa siku ya pili Mwalimu Salome akafika kwenye maji, akaeleza vijidudu vyake saa nzima. Alipomaliza akasema, "Maji ni marufuku," akataka kuendelea. Nikainua mkono.

"Mwalimu, ninakotoka mtu anaosha uso mara tano kwa siku. Nikimwambia maji ni marufuku, nimemwambia achague kati ya jicho na sala. Atachagua sala. Hata mimi ningechagua sala. Tumwambie nini?"

Mmoja nyuma akacheka kidogo, akaacha. Mwalimu Salome akavua miwani yake.

"Miaka yote hii nimekuwa nikieleza vijidudu, nikisema marufuku na kugeuza ukurasa," alisema. "Jibu sinalo. Utatuletea wewe, Bwana Yakub. Una mpaka mwakani."

Sikuwahi kupewa kazi iliyonifurahisha kuliko hiyo. Nilirudi Garissa nikaanza kwa sheikh wetu. Akanijibu kwa ufupi kwamba kinachooshwa ni uso wa nje, ndani ya macho hakumo katika udhu, na tangu lini nimemwona yeye akijitia maji machoni? Basi hakukuwa na ugomvi kati ya jicho na sala. Ugomvi ulikuwa katika mazoea ya mikono. Nikamwomba Mwalimu Salome lenzi ngumu isiyo na nguvu, nikaivaa mwenyewe siku thelathini, sala zote za mchana, na kila udhu nikauandika. Siku ya nne niliupangusa uso kwa kuufikicha, lenzi ikahamia pembeni, nikarudi kliniki nikipepesa kama aliyeingiwa na nzi. Siku ya tisa nilifumbua macho mapema, tone likaingia. Siku ya kumi na mbili nilikuwa nimeshaona njia.

Njia yenyewe unaijua, maana ndiyo iliyobandikwa ukutani kwetu. Macho yafumbwe kwa nguvu kabla ya maji kugusa paji la uso. Kitambaa kisafi na kikavu kiwe begani, si mfukoni. Uso ugandamizwe nacho taratibu, usifikichwe. Macho yafumbuliwe kope zikiwa zimekauka. Lenzi ivaliwe asubuhi kwa mikono mikavu, itolewe jioni, ioshwe kwa dawa yake peke yake, na kikopo chake kisionje maji kamwe. Mvaaji akiingiwa na maji jichoni, aitoe, aitie dawa, wala asiirudishe siku hiyo. Ilichukua ukurasa mmoja, na nusu yake niliiandika kwanza kwa kalamu nyekundu.

Jicho la Abdirizak lilipona. Kovu lilibaki, dogo kama punje ya mtama, lakini Mungu aliliweka pembeni ya njia ya kuona. Daktari wa konea alipotoa ruhusa nikampima upya. Nilidhani atakataa. Alitega jicho na kusema, "Safari hii uniambie yote. Hata ile unafikiri najua." Nikamwambia yote. Kisha nikamfanya atawadhe mbele yangu mara tatu kwa birika lile lile la mlangoni, lenzi ikiwa jichoni, mpaka niliporidhika mimi na akachoka yeye.

Mwishoni mwa Shaabani watu walitoka kwenda uwandani nje ya mji kutazama mwezi. Jua lilikuwa limeshazama, magharibi kuna wekundu, na vumbi la mbuzi waliorudi halijatulia. Vijana wa sokoni walikuwa pale. "Miezi Mitatu amekuja! Leo tutafunga mpaka mwakani!" Abdirizak aliwapita. Alisimama, akalifunika jicho bovu, akapitisha jicho la kulia juu ya miti polepole, kama anayetafuta waya uliokatika.

"Mmoja," alisema.

"Wapi?"

"Pale. Juu ya mnara, kulia kidogo. Mwembamba. Mmoja tu."

Wenzake walikodoa macho, hawakuona kitu. Wazee walikodoa, nao hawakuona. Alishika kichwa cha rafiki yake kwa mikono miwili, akakielekeza. Kisha rafiki yake akapiga takbira, na wa pili, na uwanja mzima ukapokea. Katikati ya kelele hizo nikamsikia yule rafiki akimwambia, "Zamani ulitupa mitatu, leo mmoja! Umekuwa bahili!" Nikageuka upande wa pili, maana mtu wa makamo hapendi vijana wamwone analia, na hapo sikuwa hata wa makamo.

Ule ukurasa niliupeleka Nairobi mwaka uliofuata. Mwalimu Salome aliusoma amesimama, akanipa nafasi yake mbele ya ukumbi, akaenda kukaa kiti cha nyuma. Somo la mchana wa siku ya pili nimelifundisha mimi tangu hapo. Wako waliolisikia wanaovalisha lenzi Mandera, na binti mmoja anayefuatilia wavaaji wake mpaka Buna. Abdirizak bado yuko sokoni, ana vijana wawili mezani, na wanangu wote simu zao hazitengenezwi kwingine.

Basi hili ndilo jibu langu, mwanangu. Pointi zitahuisha leseni yako, na leseni ni lazima uihuishe. Lakini mgonjwa hakupi jicho lake kwa sababu ya pointi. Kaa mpaka kipindi cha mwisho, hasa kile unachodhani unakijua. Ukirudi, muulize mgonjwa anaamka saa ngapi, ananawa wapi, maji yake yanatoka wapi, kabla hujagusa sanduku la lenzi. Ukikosea, taja kosa lako kwa mwenye jicho, kwa maneno yanayoeleweka. Na ukikuta swali ambalo mwalimu hana jibu lake, usilione aibu. Lichukue, uende nalo nyumbani.

Mafunzo yapo mwezi ujao. Ni siku tatu sasa, na pointi zake sikuuliza. Basi la Garissa liache liende, lipo la asubuhi yake.

Mola akupe macho ya kuona kilicho kidogo, subira ya kusikia kilicho kirefu, na mikono mikavu kila utakapogusa jicho la mtu. Na siku utakapotia saini, Akujaalie uwe umekuwepo.