Ndoo ya Kokoto

Farasi akishaizoea ndoo yako, hata ukiwa ng'ambo ya ziwa ataisikia. Jike mwekundu ninayemtunza karibu na Karagita alikuwa anaisikia yangu kabla hata sijaishika. Nikiitikisa mara moja tu, shayiri igonge plastiki, anakuja mbio ardhi ikitetemeka, kama lori lililokatika breki kule Mai Mahiu, halafu anasimama pua ikiwa kifuani mwangu. Nilikuwa nikiwaambia wageni wanaokuja kupanda farasi kwamba huyu ananipenda kuliko mke wangu anavyonipenda. Mke wangu alisikia na hakukanusha.

Kidato cha nne nilikimaliza nikiwa na ndevu, katika shule ya jioni huko Free Area, dawati moja na fundi wa viatu na nyanya mmoja aliyekuwa akinipita kwenye hesabu kila mtihani. Tangu matokeo yatoke sijawahi kukubali kwamba kuna kitu kinanishinda. Mama ninayefanya naye kazi mabandani anajua hivyo, na ananiita msomi hasa siku nikiharibu kitu.

Yeye ana sheria moja tu ambayo haina mjadala. Anayemlisha farasi hamshiki wakati wa sindano. Anamshika mtu mwingine, kisha mlishaji anakuja baadaye kana kwamba hajui lolote.

Mwezi mmoja kabla ya mvua, jike mwekundu alijikata paja kwenye seng'enge. Kidonda kikaoza, homa ikapanda. Daktari wa mifugo akaagiza sindano ya shingoni asubuhi na jioni kwa wiki nzima, akasema chanjo yake ya mwaka ingoje mpaka apone kabisa. Akasema pia tumpunguzie nafaka, maana farasi aliyesimama bila kazi akila kama yuko kazini atapata shida nyingine.

"Soja wa geti ndiye atamshika," mama akasema.

"Soja anamwogopa mpaka mkia," nikamwambia. "Niachie mimi. Huyu ni damu yangu."

"Wewe ndiye unamlisha."

"Ndiyo maana atakuja."

Alinitazama, akachukua sindano. Nami, kwa kuwa nafaka ilipunguzwa na farasi alihitaji kushikwa, nikafikiria kisomi. Niliokota kokoto barabarani nikatia kwenye ndoo. Nikatikisa. Sauti ilikuwa ileile, pengine tamu zaidi. Alikuja akichechemea, masikio mbele, pua ndani ya ndoo, na kabla hajatambua anachonusa nilikuwa nimemfunga kamba ya kichwani na mama amemdunga. Nilicheka. Nilijiona nimevumbua umeme.

Wiki nzima nilifanya hivyo. Siku za mwisho alikuwa anakuja polepole, akisimama katikati, kisha anakuja. Hilo ndilo linalonisumbua nikilala. Alikuwa ameshaanza kujua, na bado alikuja.

Kidonda kikafunga, tukamrudisha malishoni na wenzake, tukisubiri tarehe ya chanjo. Hapo mvua ikashuka. Kwetu mvua ikishapiga, visubi wanatoka kando ya ziwa jua likikaribia kuzama, vijidudu vidogo kama pilipili ya kusaga, na hao ndio wanaobeba ugonjwa wa farasi. Farasi mwenye chanjo ana bahati yake. Asiye na chanjo anaweza kuamka asubuhi anahema kama mtu anayezama, na jioni hayupo. Kwa hiyo kila farasi lazima awe ndani, mlango umefungwa, kabla jua halijagusa milima ya Mau.

Jioni hiyo wote waliingia isipokuwa yeye.

Nilitikisa ndoo. Safari hii ilikuwa na shayiri, naapa, ilijaa mpaka ukingoni. Aliinua kichwa, akanitazama, akageuka, akaondoka. Nikamfuata, akakimbia. Nikakimbia, akakimbia zaidi. Nilizunguka uwanja ule mpaka nikadhani nimefika Narok na kurudi. Mama alikuwa amesimama getini, mikono kiunoni, na mawingu ya visubi yalianza kuonekana juu ya nyasi.

"Msomi, unamfundisha nini hapo?"

"Namshika."

"Unamfundisha kukimbia. Simama."

Nikasimama. Nilikuwa na jasho, na ndoo mkononi, na kwa mara ya kwanza nilijisikia mdogo kuliko hiyo ndoo.

"Ulimlisha mawe wiki nzima," mama akasema, bila hasira, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. "Hata mimi ningekukimbia. Weka ndoo chini, toka hapo, nenda usimame mahali hakuoni."

Nikajificha nyuma ya tangi la maji, mwanamume mzima. Mama akarudi bandani akamtoa mzee wetu, farasi dume aliyehasiwa, mwenye chanjo yake, anayetembea kana kwamba analipwa kwa saa. Akamwongoza taratibu mpaka katikati ya uwanja, akamwacha ale nyasi kidogo, wala hakumtazama jike. Farasi hataki kubaki peke yake giza likija, hilo hata mimi nilijua, ila siku hiyo nilikuwa nimeshughulika na ujanja wangu. Jike alizunguka, akasogea, akanusa shingo ya mzee. Mama akamgeuza mzee kuelekea nyumbani, na jike akafuata mkia wake mpaka ndani. Jua lilikuwa limeshazama.

Siku zilizofuata nilifika kazini kabla ya jogoo wa Karagita nzima. Nilimpima joto kwa kipimajoto kinachoingizwa nyuma, nikisimama pembeni asinipige teke, ingawa ningekubali. Nilitazama mashimo yaliyo juu ya macho yake, kwa sababu ugonjwa ukiingia, hapo hujaa na kuvimba. Nilisikiliza pumzi. Kila asubuhi mama aliuliza, "Macho?" nami nikajibu, "Mashimo yapo," na sote wawili tukaendelea kufagia.

Hakuugua. Daktari aliporudi akasema yuko tayari kwa chanjo, kisha akanigeukia. "Wewe ndiye rafiki yake. Mshike."

"Hapana," nikasema. "Soja atamshika."

Mama akampa soja kamba. Soja alimshika huku macho ameyafumba kwa hofu, na mimi nilikaa nje, upande asioweza kuniona, nikiwa na ndoo ya shayiri.

Walipomtoa nilimngoja atulie ndipo nikajitokeza. Sikutikisa. Niliweka ndoo chini, nikachota konzi moja, nikaitafuna mbele yake, shayiri kavu inayokwaruza koo, nikimeza kila punje ili aone. Soja alicheka mpaka akashika ukuta.

Jike alikuja hatua chache, akasimama. Akaja tena. Akanyoosha shingo na kuigonga ndoo kwa pua, akasubiri, akaigonga tena, masikio yote mawili yameelekea chini kwenye ile sauti. Kisha akaanza kula, jicho moja likiwa kwangu.